Kipande cha Kwanza cha Keki ya Shimo

Shimo letu lilitimiza miaka mitatu Jumamosi ile, na harusi ya binti yangu haikujaza watu kiasi kile. Tulifunga maputo ya manjano kwenye vijiti tukalizungushia shimo, katikati ya barabara ya jimbo. Saluni yangu ilikuwa wazi lakini wateja wote walikuwa nje wanapuliza maputo, mmoja wao bado na rangi kichwani.

Wageni hudhani tunatania. Kila Januari tunalipa jimbo kodi ya magari na pikipiki, na kila Januari imepanda. Wabunge wa jimbo wanaahidi bajeti itapangwa upya ili shimo lizibwe, na kilichopangwa upya mpaka leo ni viti vya ukumbi wao. Basi sisi tunaoka keki.

Mwokaji ni jirani yangu Zulmira, muuza juisi ya miwa na pastel, zile sambusa zetu za jibini. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa barabara hiyohiyo, na ndicho kilichosomesha wanawe. Wiki ya sherehe, watu wa idara ya barabara wakakipaka alama nyekundu: hana kibali, Jumatatu kinavunjwa. Shimo hawakuliona. Kibanda walikiona.

Asubuhi akaja Gilvan, msaidizi wa mheshimiwa Pimenta, mbunge wetu wa jimbo. Akajitupa kwenye kiti changu kama anataka kunyolewa, huku anamsemesha Zulmira aliyekuwa anapamba keki mezani kwangu.

"Mama, mheshimiwa atapita jioni na mpiga picha."

"Akaribie. Aje na buti."

"Kipande cha kwanza umpe yeye, mbele ya kamera. Kibali chako kimo mkobani mwake, imebaki sahihi tu."

Kwetu kipande cha kwanza hakitolewi ovyo. Mwenye sherehe anakata, watu wananyamaza, na anayepewa ndiye kipenzi kuliko wote. Kuna ndoa ilivunjika kwa kipande hicho hapa mtaani, ila hiyo nitawasimulia siku nyingine.

Gilvan alipotoka nikasema, "Shoga, mpe tu. Keki ni unga na mayai."

"Na ile picha je? Watu wataiona waseme kumbe anatujali."

"Kibanda, Zulmira."

"Najua ni kibanda," akasema, na mstari wa krimu ukampinda juu ya keki.

Jioni mheshimiwa akashuka garini na viatu vinavyong'aa, akakumbatia watoto wasiomjua. Tukaimba. Zulmira akakata kipande kinene, akakiweka kwenye sahani. Mheshimiwa akanyoosha mikono. Mpiga picha akapiga goti.

"Shimo halina mdomo, kwa hiyo nalisemea mimi," Zulmira akasema. "Linampenda anayelilipia kila Januari."

Akampita mheshimiwa kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, mpaka kwa Neusely, dereva wetu wa pikipiki za abiria. Huyu alivunjika mkono shimoni humo, na kodi ya pikipiki akaenda kuilipa na plasta yake.

"Pokea, mwanangu. Wewe ndiye mama yake."

Neusely akalitazama shimo. "Mbona mtoto hajafanana nami?"

Watu walicheka, wengine mpaka wakakaa chini. Mheshimiwa akangoja kipande cha pili. Kikaenda kwa dereva wa basi. Akangoja kingine, kisha akakumbuka ana mkutano. Mkoba haukufunguliwa.

Kicheko kilipopoa nikamkuta Zulmira amekaa ukingoni, anakitazama kibanda chake.

"Basi ndiyo hivyo," akasema.

"Mbele ya saluni yangu pana nafasi," nikasema, na kabla sijamaliza Neusely alishaita watu. Walikinyanyua kibanda kizimakizima, na bati lake na mashine ya miwa, wakalizunguka shimo huku wanaliimbia tena wimbo wa kuzaliwa, wakakitua hapo mbele kwangu.

Jumatatu watu wa barabara wakaja na nyundo, wakakuta mchanga mtupu.

"Kibanda kiko wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Ardhi yangu, na kodi yake nalipa hiyo nayo."

Wakapima kwa macho: hapo si barabarani tena. Mafuta yalikuwa yanachemka. Mkubwa wao akauliza kama kuna pastel za nyama, na Zulmira akawauzia, bei ya kila mtu.

Siku hizi wateja wangu wanatoka wamependeza na kunuka mafuta ya kukaangia. Mwakani keki itakuwa ya nazi.