Chokaa ya Natalia

Jumanne moja ya mwaka 1974, saa tatu asubuhi, lori lilishusha mabati ya saruji arobaini na mawili mbele ya nyumba ya Pankras na Natalia. Natalia aliyahesabu mara mbili, maana hakuwa mwanamke wa kupokea kitu cha bure kwa kukiamini. Aliona kwamba mengi yalikuwa tayari na matundu ya misumari. Aliyeyaleta aliitwa na wanakijiji Bwana Nyumba Bora, afisa wa mjini aliyezunguka vijiji vipya akifundisha watu namna ya kukaa ndani ya nyumba. Siku hiyo alisimama mbali, upande upepo wa ziwa unakotoka, leso puani.

"Anaona tunanuka usipa," Natalia alimnong'oneza mumewe.

"Hata mimi naona tunanuka usipa," Pankras alijibu, akawatupia jicho dagaa walioanikwa uani, akachukua msumeno wake.

Walikuwa na miezi mitatu tu pale ufukweni, chini kidogo ya barabara iendayo Mbamba Bay. Kaya themanini zilikuwa zimeteremshwa kutoka milimani ziishi pamoja kijamaa, na nyumba ya Pankras ilichaguliwa kuwa ya mfano kwa sababu yeye ndiye alikuwa seremala. Alikata na kupiga misumari kwa wiki mbili. Vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi na masharubu, na kila jioni Natalia alikung'uta shati lake mlangoni, pa-pa-pa, kisha akalikunja vizuri kwa ajili ya kesho.

Huko milimani, Krismasi ilipokaribia wanawake walipaka kuta za nyumba zao udongo mweupe wa mtoni. Udongo ule ulibaki huko huko, kwani hakuna aliyefikiria kuupakia kwenye lori. Ufukweni palikuwa na mchanga tu. Natalia akatazama vipande vilivyobaki vya mabati, akavitia kwenye kinu, akavitwanga mpaka vikawa unga, akachekecha kwa kitambaa na kuchanganya na uji wa muhogo. Ukuta ukatoka mweupe kuliko wa kanisa. Wiki hiyo hiyo wanawake walipanga foleni na vikapu vyao kuomba vipande. Getrude, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitwanga na mtoto mgongoni. Krismasi ilipofika kijiji kizima kilikuwa kinang'aa, na Bwana Nyumba Bora alikipiga picha kutoka barabarani, bila kushuka kwenye gari.

Kifuku kilipokolea, mvua ikinyesha kutwa, nyumba ilianza kutoka jasho. Mvuke wa chungu ulipanda, ukagonga mabati baridi, ukateremka ukutani, na kuvu nyeusi ikafuata njia ile ile. Mwezi wa pili kuvu ilikuwa imekamilisha umbo la mtu mzima nyuma ya kitanda, amevaa kofia, amekaa magoti juu kama mtu anayengoja zamu yake. Mwisho wa mwezi walikuwa wanne. Jumatatu moja, Natalia akichambua mboga, yule wa kofia alikohoa.

Natalia aliacha kuchambua, akaanza kushuku kwamba kuna aliyewatuma. Alianza na Getrude, ambaye tangu siku ya lori alikuwa akiyasifia yale mabati kupita kiasi. Akamshuku Mzee Salumu wa dukani, aliyemuuzia chumvi iliyolowana bila kuomba radhi. Akawashuku shemeji zake wa kule Ukata, kwa jumla, bila kuchagua. Kisha akatwanga vipande vipya, akawapaka chokaa wale watu wanne kuanzia kofia hadi kidole cha mguu. Siku ya tatu walirudi, safari hii wakiwa wamesogea shubiri moja kuelekea kitandani. Akatwanga vingine.

Mzee Urbani, balozi wa nyumba kumi, alikuja na daftari kuuliza kama wageni waandikwe kwenye zamu za shamba la kijiji. Alipoona hawawezi kushika jembe, aliwaacha. Watu walioingia waliwasalimu, wao wakaitikia kwa kukohoa, na mambo mengine yakaendelea.

Mwaka wa tano, Pankras naye alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, na kilikuwa na sauti ile ile ya ukutani. Alipanda ngazi ya kwanza akapumzika, akapanda ya pili akakaa chini. Natalia alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka kumi na tisa, na sasa aliogopa. Alimpeleka zahanati.

Muuguzi alikuwa Mwanakombo, dada wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, asiyepoteza maneno. Alituma kwanza makohozi ya Pankras hospitali, mara tatu.

"Si kifua kikuu," alisema. "Kuvu ya ndani inamzidishia, fungueni madirisha. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa vumbi, mama. Yale mabati yana asbesto. Ina nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukizivuta zinakaa kifuani, hazitoki."

"Katumiwa na nani?" Natalia aliuliza.

"Hakuna aliyemtumia. Ni mabati."

"Lazima yupo aliyetuma."

"Kama yupo, mimi simjui. Ila msiyakate tena, wala msiyasugue."

Natalia alirudi nyumbani na neno hilo kama kokoto kiatuni. Ugonjwa usio na mtumaji hakuwa ameuzoea. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akawauliza wenyewe.

"Kaka zangu, nani kawatuma?"

"Hatukutumwa, dada," alisema mwenye kofia, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Tumekuja na mabati. Tumefanya kazi hii ya kuyakata na kuyavua tangu wakati wa Mwingereza. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kuyavua haya."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye nyumba ya Bwana Nyumba Bora. Mkewe alikuwa na kifua, daktari akamwambia ayaondoe. Yeye akatuambia tuyavue taratibu yasivunjike, kuna mahali yatafaa."

"Alisimama upande gani?"

"Upepo unakotoka."

"Na leso?"

"Na leso."

Hapo wale watu wanne waligeuza nyuso, wote kwa pamoja, wakatazama kona ya jiko. Pale palikuwa na kinu chake.

Alikuwa ameshuku watu wote wa kijiji kile isipokuwa kinu chake mwenyewe. Alikumbuka foleni ya wanawake na vikapu. Alikumbuka kichwa cha mtoto wa Getrude kikichezacheza mgongoni, nywele zimeingia weupe, na wao wakicheka kwamba amezeeka mapema. Alilia kwa aibu. Kisha akakibeba kinu nje, akakizika nyuma ya choo.

Alitaka kitu kimoja tu, mabati yatoke juu ya kichwa cha mumewe. Mzee Urbani alisema nyumba ya mfano ni mali ya kijiji, na atakayegusa hata msumari mmoja atahesabika anahujumu maendeleo. Mwanakombo aliandika barua. Jibu lilichukua miezi saba, likashauri wenye nyumba wadumishe usafi kwa kufagia mara kwa mara, juu na chini. Wiki iliyofuata Mwanakombo alipata uhamisho.

Natalia alifungua madirisha yote, akasogeza kitanda barazani. Pankras alikaa pale akitazama ziwa, akipumua kwa kuiba, kidogo kidogo. Kifuku kilipoanza tena, alifariki.

Siku ya nne baada ya mazishi alikuwa ukutani. Alikuwa wa tano, karibu na mlango, penseli sikioni kama kawaida yake.

"Umeamkaje?" Natalia alimuuliza.

"Nimeamka," alisema Pankras, akakohoa.

Akamsogezea kigoda, ingawa hakuwa na haja nacho.

Bwana Nyumba Bora alikuja kutoa pole wiki hiyo. Alisimama uani. Natalia alitoka, akapima upepo kwa kidole kilicholowana, akaenda kusimama mahali ambapo afisa asingeweza kumtazama bila kupigwa na upepo wa nyumba ile usoni.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu." Alitoa leso. "Nimekuletea habari njema. Ombi lako limekubaliwa. Mabati yataondolewa."

Natalia alikuwa ameyangoja maneno hayo mwaka mzima, na sasa yalipofika aliyashuku. Alikuwa sahihi. Vijana waliyavua kesho yake, wakamwezekea nyasi, na mabati arobaini na mawili yakabebwa vichwani hadi shule mpya, ambayo ilikuwa ikingoja paa. Wale watano walijibandua ukutani wakafuata nyuma ya msafara, taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Pankras alikuwa wa mwisho. Natalia alimkimbilia na sweta, naye akalipokea.

Mwalimu Sixtus aliwapangia ukuta wa nyuma wa darasa la kwanza ili wasizibe ubao. Nafasi iliyobaki ilikuwa finyu, akasogeza madawati karibu na mabati yaliyoegemezwa, yaliyosubiri kukatwa. Natalia alimweleza yote aliyoambiwa na Mwanakombo. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akasema yeye ni mtekelezaji tu. Jumatatu mafundi walianza kuyakata na kuezeka, na wanafunzi wakaagizwa waje na mifagio.

Tangu hapo, kila siku saa nne, Natalia alimpelekea mumewe uji. Alipita katikati ya watoto wanaofagia, vumbi jeupe likielea kwenye mwanga wa dirisha, akawaambia waache, wakamwamkia shikamoo wakaendelea, maana waliagizwa na mwalimu. Mtoto wa Getrude alikuwa ndiye kiranja wa usafi.

Kifuku kilipokuja, kuvu ilianza kuweka alama mpya ukutani, kando ya Pankras. Bado haikuwa na uso. Natalia aliweka bakuli chini, akaipima urefu kwa kiganja. Ilimfika kiunoni, sawa na watoto waliokuwa wakifagia.