Mandolini Waliyoing'arisha

Mandolini ya marehemu mke wangu ilikuwa imechakaa, na mimi niliipenda hivyo hivyo. Ilikuwa ya baba yake kabla yake. Mbao zake zilikuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni, na pale juu, mpigaji anapoegemeza mkono, vanishi ilikuwa imekwisha kabisa. Miaka yote tuliyokaa pamoja, mkono wake wa kulia ulilala pale pale ukila rangi kidogo kidogo, mpaka ukatokea mviringo wa mti mtupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Alipofariki, nguo zake waligawana dada zake. Picha nzuri hatukuwa nayo. Mimi nikabaki na ule mviringo.

Kupiga sijui. Alijaribu kunifundisha mwanzoni, akacheka mpaka akakohoa. "Mume wangu, hiyo ni mikono ya kubebea magunia. Wewe itunze tu." Nikaitunza. Kitambaa kikavu, maji marufuku. Isikae karibu na jiko wala dirishani. Na ikishapigwa, nyuzi zote nane zilegezwe, maana zikiachwa zimekazwa zinaivuta shingo kama watu wanaogombania mkoba. "Imesimama kutwa," alikuwa akisema, "iache nayo ikae."

Meneja wa ukumbi wa manispaa tunamwita Bwana Mipango, kwa sababu lolote utakalomwomba liko kwenye mipango. Kikundi cha muziki cha mke wangu na akina mama wenzake kilikuwa kikifanyia mazoezi chumba cha nyuma cha ukumbi. Bwana Mipango akakijaza chumba hicho viti vibovu, akina mama wakatolewa. Chumba kingine je? Kiko kwenye mipango. Wakawa wanapigia kibarazani, upepo wao, vumbi lao, mpaka kikundi kikafa, na mke wangu akafuata. Madaktari wana jina la ugonjwa uliomuua. Mimi nina langu.

Mwaka huu ukumbi ukapakwa rangi, mgeni rasmi akawa anakuja kuufungua upya, na Bwana Mipango ghafla akakumbuka urithi. Akamtuma binti yangu, ambaye anafanya kazi pale mapokezi.

"Baba, ni siku chache tu. Itakaa kwenye kabati la kioo, mgeni apigiwe wimbo mmoja, halafu nakurudishia."

"Alipokuwa hai walimnyima hata chumba."

"Ndiyo maana, baba. Angalau sasa watu wamjue."

Hapo aliniweza. Nikaitoa.

Siku yenyewe nikavaa koti, nikawahi. Kabati lilikuwa limewashwa taa, na ndani yake kitu kinang'aa kama kiatu cha gwaride. Nikadhani wameleta nyingine. Nikafungua, nikaitoa, nikaigeuza. Ufa mdogo wa mgongoni ulikuwepo. Ndiyo yenyewe. Nikautafuta mviringo. Vanishi mpya kote, nyekundu, bado inanuka.

"Umeona kazi hiyo, mzee?" Bwana Mipango alikuwa nyuma yangu, tai imemkaba. "Ilikuwa aibu kumwonyesha mgeni. Nikamwita fundi wa milango, kaipiga msasa, kaipaka mara tatu, na tangu jana mpigaji keshaikaza nyuzi. Bure kabisa, hatukudai kitu."

"Hapa palikuwa na alama."

"Tumeitoa."

"Unga wake uko wapi?"

"Unga gani tena?"

"Wa msasa. Alipousugua huo mti, unga ulidondoka. Mmeuweka wapi?"

Akamtazama binti yangu, aliyesimama kando, kama anayeuliza mzee huyu amelala vizuri kweli. "Mzee wangu, umefagiliwa. Uchafu huwa unawekwa wapi?"

Ningempiga. Kilichonizuia ni kwamba mikono yote miwili ilikuwa imeshika mandolini. Na nyuzi nilizozigusa zilikuwa zimekazwa tangu jana yake, kali kama waya wa uzio. Nikaenda mbele, nikaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, kile chenye kitambaa cheupe, nikaanza kuzilegeza.

"Mzee, mgeni yuko getini."

"Na yeye atakaa. Hii imesimama tangu jana."

"Mpigaji ameshaitayarisha! Huo wimbo utapigwaje?"

"Uko kwenye mipango," nikamwambia.

Nyuma, kwenye viti vya akina mama, mtu akaguna kicheko. Niliijua sauti ile, alikuwa mwenzake mke wangu wa kibarazani. Bwana Mipango akanyoosha mkono kuichukua. Binti yangu akaingia katikati yetu, uso umemvimba kwa hasira, na hadi leo sijui alimkasirikia nani.

"Baba, hawa ndio wakubwa wangu," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, bila kusogea: "Malizia basi, haraka."

Nikamalizia wa nane. Nje tukasikia milango ya gari. Nikatoka nayo kwa mlango wa nyuma, nikapita chumba cha mazoezi. Viti vibovu bado vimejaa mpaka darini, ila mlango wake wameupaka rangi.

Mandolini imerudi mahali pake, mbali na jiko, mbali na dirisha. Nikiweka mkono pale juu, unateleza. Binti yangu walimhamishia stoo, na akija kunitazama hunilaumu. "Mama asingefanya vile, baba."

Kweli, asingefanya. Mama yake alikuwa mpole. Ndiyo maana walimpeleka kibarazani.