Bado Mmoja Yuko Mbele

Nyakio wa Kitengela alikuwa hodari wa kuanza. Alianza unesi, akaacha kabla ya mtihani wa pili. Akaanza kuku, nusu wakafa na nusu akawauza kwa hasira. Akaingia kwaya akatoka Krismasi ikikaribia, wakati kwaya ndiyo inahitaji watu. Binti yake Kui alianziwa sweta akiwa darasa la kwanza. Sasa yuko chuo kikuu na sweta ingali na mkono mmoja. Ndiyo sababu Ann, wifi yake, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, alimbandika jina la Mama Kuanza, nalo likashika mpaka sokoni alikouza mapazia. Wahome, mumewe, hakulitumia hata siku moja. Lakini likitajwa mezani aliinamia sahani yake, mabega yakatikisika kwa kicheko. Hilo ndilo lililomuuma Nyakio kuliko ulimi wote wa Ann.

Basi Wamaitha, mwalimu mstaafu aliyewatembeza wanawake wa mtaa kila Jumamosi, alipotangaza kwamba mwaka huu wangepanda Kilimanjaro kwa upande wa Loitokitok, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Nyakio. Alikuwa amefikisha miaka hamsini, mwili umejaa, magoti yanalia kama mlango mbovu. Ombi lake hakumwambia mtu. Mungu, hii moja tu nimalize.

Mazoezini, kwenye vilima vya Ngong, ndipo alipoanza kumwona Naserian. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye duka la dawa za mifugo hapo hapo Kitengela. Miguu yake ingeweza kumwacha hata Wamaitha mwenyewe. Lakini kila safari alikuwa nyuma ya Nyakio. Nyakio akisimama kufunga kamba za kiatu, Naserian anasimama. Akikaa juu ya jiwe, Naserian anakaa jiwe la chini yake na kutazama mbali, akipiga mluzi mdogo usio na wimbo. Nyakio alijua maana yake, au alidhani anajua. Wamaitha alikuwa amemwekea askari wa kumrudisha nyumbani siku atakaposhindwa.

Alimeza hasira hiyo mpaka mlimani. Walivuka mpaka, wakaingia kwenye msitu wa misonobari, wakalala hemani, wakaamka, wakapanda tena. Wanawake wengine walikuwa mbele wakiimba nyimbo za kanisa. Nyuma kabisa Nyakio alihema, na nyuma ya Nyakio, ule mluzi. Jioni ya tatu, wakinywa chai kando ya hema, akashindwa kuvumilia.

"Mbona unanifuata hivi? Wamaitha ndiye amekutuma?"

Naserian alishangaa kweli kweli. "Hajanituma mtu. Ni mazoea tu. Nikiwa mdogo huko Bisil nilichunga ng'ombe ya baba. Wale wa mbele wanajua penye wanaenda. Ni huyu wa mwisho unaangalia, sababu anaweza kulala chini na umwache."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe mzuri," alisema Naserian, na wote wawili wakacheka hadi chai ikamwagika. Tangu hapo mluzi ule haukumkera tena Nyakio. Aliusikia akajua hayuko peke yake.

Wakafika kwenye uwanda mkavu unaotenganisha vilele viwili, Mawenzi na Kibo. Hapo hakuna mti wala jani, ni mawe na upepo. Mbele kabisa paa la kambi ya mwisho lilikuwa linameta, na juu yake Kibo chenyewe, cheupe, karibu mtu anyooshe mkono akiguse. Nyakio alikuwa anahema lakini miguu ilikuwa inakubali. Kesho, alijisemea. Kesho mimi nasimama pale juu, na picha naipeleka kwa Ann mwenyewe.

Mluzi ulikuwa umenyamaza. Hakujua tangu saa ngapi.

Aligeuka. Naserian alikuwa anakuja, ndiyo, lakini akipepesuka kama mlevi wa mchana. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. "Maape," alisema kwa Kimaasai, twende, kwa sauti ya kuswaga, huku akimtazama Nyakio bila kumwona. Kisha akatapika.

Mwongozaji, kijana Mchaga aliyekuwa mkiani mwa msafara siku hiyo, alimtazama machoni mara moja tu. "Mama huyu ashuke sasa hivi. Siyo kesho. Mlima umemshika, akiendelea kupanda atakufa."

Akamshika mkono. Naserian akauchomoa. Akamshika tena, akasukumwa kifuani, maana mwanamke huyo hata akiugua alikuwa na nguvu za watu wawili.

"Bado mmoja yuko mbele," Naserian alisema, akimwonyesha Nyakio. "Siwezi kwenda. Bado mmoja."

Wamaitha alikuwa amerudi mbio. "Nyakio, wewe endelea! Umebakisha kesho tu! Huyu atashushwa."

Atashushwaje? Nyakio alielewa kabla yao wote, na angetoa chochote asielewe. Kila hatua atakayopanda yeye, Naserian ataipanda nyuma yake. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huruma. Alikuwa amekasirika. Alimkasirikia Naserian, na Ann, na yule ng'ombe wa zamani wa Bisil aliyewahi kulala chini akamfundisha msichana mdogo kuangalia nyuma.

"Naserian, mimi nashuka. Nifuate."

Akapita kando yake, akageuza uso kule walikotoka. Nyuma yake nyayo zikaanza kufuata bila ubishi.

Ninyi msimfanye malaika. Walipokuwa wameteremka kidogo tu alichepuka nyuma ya jabali, akajikunyata, akangoja Naserian na kijana wampite. Alifikiri kwamba huyo akishaanza kushuka atashuka tu, na yeye angewakimbilia wenzake. Naserian alisimama. Alitazama mbele, akatazama pande zote, kisha akaanza kupanda tena akiita, "Maape! Maape!" kwa sauti iliyokatika. Kijana alimshika kiuno akashindwa. Nyakio alijitokeza nyuma ya jabali akiwa ameona haya hadi masikioni.

"Niko hapa," alisema. "Niko hapa, usiite."

Hakujificha tena. Walishuka siku ile yote, Nyakio mbele, Naserian nyuma, kijana ubavuni. Hakugeuka kutazama Kibo. Jua lilipokuwa linainama, majani yakiwa yameanza kuonekana tena kando ya njia, akasikia kitu nyuma yake. Ulikuwa mluzi, hafifu sana, usio na wimbo. Alilia tena, safari hii vizuri.

"Wengine wako wapi?" Naserian aliuliza alipopewa uji kambini.

"Wamepanda."

"Na wewe?"

"Magoti," alisema Nyakio.

Lakini kijana wa Kichaga hakuwa na siri, na kesho yake Naserian aliambiwa yote, hata la jabali.

Kitengela habari zilimtangulia Nyakio. Ann alimpokea mlangoni akipiga vigelegele vya dhihaka: "Mama Kuanza amerudi! Haya, kilele kiko wapi?" Wahome, mezani ndani, aliinamia sahani yake. Nyakio hakujitetea. Alisema hakufika, akaomba chai.

Jumapili iliyofuata pikapu ilisimama nje. Akateremka Naserian, amepata rangi yake, na mama yake mzee aliyevaa shanga hadi mabegani, wakashusha kondoo jike mnene. Ann alikuwepo, kama kawaida yake.

"Huyu ni wako," Naserian alimwambia Nyakio. "Kwetu mtu akikupatia kondoo, hamuitani jina tena. Mimi nakuita Paker, yaani mwenzangu wa kondoo, na wewe unaniita Paker. Mpaka tuzeeke."

"Basi Mama Kuanza amepata jina!" Ann alicheka.

Mama mzee hakujua Kiswahili, ila sauti ya dhihaka aliijua. Alimgeukia Ann, akamtazama kwa upole, akamrekebisha kama mtu anayemfundisha mtoto. "Paker," alisema, akimwonyesha Nyakio. Akangoja. Aliendelea kungoja mpaka Ann, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akalitamka.

"Paker."

Wahome aliinuka kwenye kiti. Mabega yake hayakutikisika. Alichukua kamba akajaribu kumvuta kondoo kwenda uani. Kondoo akakaza miguu, hataki.

"Niachie," Nyakio alisema. Alimvua yule kondoo kamba, akazunguka akasimama nyuma yake, akapiga mluzi.