Jeneza la Kuonyesha

Nimefanya kazi nyingi, na nyingi nimeziacha bila kuaga. Ile ya kwa fundi wa majeneza niliiacha kwa aibu.

Mimi nilikuwa mtu wa msasa na vanishi. Mbele ya karakana lilikaa jeneza moja la kuonyesha: ubavu mnene, vishikio vya shaba, kitambaa cheupe ndani. Mteja akilipenda, tunamtengenezea kama hilo kwa siku mbili. Lenyewe si la kuzikia mtu, maana chini tulibandika hadibodi nyembamba tu. Mbao nzuri ya nini pasipoonekana?

Siku moja fundi hayupo, akaja mama mmoja, mfua nguo. Mumewe, mpagazi, alikuwa anazikwa alasiri ileile.

"Nataka hili."

"Hili la kuonyesha, mama. Subiri siku mbili."

"Baba watoto atasubiri na joto hili? Miaka thelathini amebeba mizigo ya watu. Leo na yeye abebwe vizuri, watu waone."

Neno lilinifika kooni, nikalimeza. Nikapigilia fito mbili chini, nikasema, "Chukua, mama."

Moyo ukakataa kutulia, nikafuatana nao. Nikajipenyeza kati ya wabebaji, mgongo nimeupinda, viganja viwili chini ya jeneza. Marehemu alikuwa pande la mtu. Nilisikia hadibodi ikinilalia mikononi, kidogo kidogo.

"Huyu mzee ni nani?" mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Sijui, ila ona anavyolia! Hata kaka wa marehemu hajainama hivyo."

"Kaka mtu anaionea huruma suruali yake."

Sikuwa nalia. Lilikuwa jasho.

Makaburini mjane alinishika bega. "Asante, babu. Umemwonyesha heshima kuliko ndugu zake."

Wakapitisha kamba mbili, kichwani na miguuni.

"Ongezeni ya tatu, katikati," nikasema.

"Mzee, tumezika wengi sisi. Kaa pembeni."

Hapo pia ningeweza kusema. Nikatoa mikono.

Jeneza lilishuka sawasawa mpaka usawa wa magoti yetu, fito zikalia kwa mfululizo, kisha kishindo kikatoka chini kaburini. Juu, jeneza likabaki linaning'inia kwenye kamba, jepesi, vishikio vinang'aa.

Mjane hakupiga kelele. Alilitazama, kisha akanitazama viganja, ambavyo nilikuwa bado nimevikunjua mbele yangu.

"Kumbe ulijua," alisema.

Koti langu liko kule karakana mpaka leo.