Jua Lililokufa Ijumaa

Mwalimu mkuu hakupenda kelele, na Jumatatu hiyo kelele zilimfuata hadi ofisini. Baba mmoja, fundi cherehani, alisimama mlangoni macho mekundu kwa kukosa usingizi. Binti yake, ambaye chekechea nzima ilimwita Kibogoyo kwa ajili ya mapengo yake, alikuwa akilia tangu Ijumaa. Eti jua litakufa! Baba mtu alitaka mwalimu wa chekechea aondolewe darasani leo hii, maana mtoto mdogo vile hafundishwi misiba.

Kumbe kosa lenyewe lilikuwa la kengele. Mwalimu alikuwa akisimulia maisha ya nyota, akafika pale inapokufa, kengele ikalia, watoto wakabeba mikoba wakaenda zao nyumbani na maiti ya jua. Jamani, hadithi ya watoto haikatwi pale hata paa likiwaka moto! Mwalimu mkuu alimwambia fundi waende kwanza wakasikilize mwisho wake, ndipo yeye mwenyewe, kama mkuu, aamue. Wakakaa nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu.

Mwalimu hakuchora chochote ubaoni. Aliwaita watoto katikati ya mkeka akawaambia wabanane; wao ndio wingu la gesi na vumbi. Wakabanana, wakabanana tena, mpaka wakatoka jasho na kucheka, na hapo akasema nyota imewaka. Mwalimu mkuu alikuwa amekagua walimu tangu ujana wake, na hajapata kuona jambo zito likishika vichwa vidogo kirahisi hivyo. Alimhusudu, tusifichane.

Nyota ikazeeka, ikavimba, watoto wakarudi nyuma wameshikana mikono. Jua letu nalo litafika huko, mwalimu akasema bila kuwaficha, lakini bado sana, hata wajukuu wa vitukuu vyao hawatayaona hayo. Kisha akawaambia waachiane. Nyota zile kubwa kabisa hupasuka zikamwaga kila zilichopika tumboni, na katika vumbi lake huzaliwa nyota nyingine. Ndimo ilimotoka dunia, na mifupa yetu, na hata jino jipya lililokuwa likichungulia kwenye ufizi wa Kibogoyo.

Mtoto akaligusa kwa kidole.

"Hiyo nyota ilijua kwamba mimi nitakuja?"

Mwalimu mkuu akatega sikio. Hapo mwalimu mwingine angedanganya, na uongo wake ungekuwa mtamu.

"Haikujua," mwalimu akajibu. "Ilitoa tu."

Kibogoyo akafikiri kidogo, akaridhika, akarudi kusukumana na wenzake. Mwalimu mkuu akamgeukia fundi, kwa kuwa alikuwa ameahidi kuamua na sasa hakutaka kabisa kumpoteza mwalimu yule. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama bado anataka aondolewe.

Fundi hakumtazama. Alikuwa akimwangalia binti yake.

"Msimwondoe," akasema. "Nyumbani huyu ana mdogo wake, hajaanza shule."