Bei ya Mama Nyongeza

Mke wangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: ukimsifu, anakupa kitu bure. Mwambie kikapu chake kizuri, atakuongezea kifuniko. Sifia na kifuniko, atakutafutia kijikapu cha kuwekea chumvi, kisha akushukuru kwa kuja. Ndiyo maana wenzake kwenye kikundi cha ususi wanamwita Mama Nyongeza.

Mimi ni fundi viatu. Kutwa nzima niko kibarazani nabishana na watu juu ya kisigino, wala sioni haya. Mtu akitaka nimpunguzie, namwonyesha uzi, gundi, na kidole sindano ilipopita. Mke wangu hawezi. Miaka yote alikuwa akimuuzia dalali mmoja tuliyembandika jina la Bwana Haraka, kwa sababu hakuwahi kuzima pikipiki yake. Alifika mlangoni injini inanguruma, akapiga kelele, "Elfu tatu, mama, nimechelewa!" Na mke wangu akajibu, "Chochote tu, mwanangu." Halafu anamwongezea kifuniko. Nilikuwa natamani kumrushia yule bwana kiatu, tena cha mteja.

Kisha kikundi kikapata wanunuzi wapya, watu wa biashara ya haki, na hao walikuja na utaratibu wao. Wanachagua kikapu kimoja cha mfano. Aliyekisuka anaeleza kazi yake yote mbele ya wenzake, halafu anataja bei kwa kinywa chake. Wakikubaliana, hiyo ndiyo bei ya kila msusi, na nusu inalipwa kabla kazi haijaanza. Kikapu kilichochaguliwa kilikuwa cha mke wangu.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Wenzangu wote watakula nitakachosema mimi," aliniambia. "Huyo jirani yetu mjane, ada za wanawe ni hivyo vikapu. Nikiteleza ulimi nimemponza. Mzee, nenda kwa mwenyekiti, wamchague mwingine."

"Siendi popote. Kaa hapo. Mimi ni mnunuzi."

Nikavaa koti langu la harusi, ambalo siku hizi halifungi tumboni, nikashika kikapu na kukigeuzageuza kama mtu mwenye pesa.

"Duh, mama! Kikapu hiki ni kizuri mno."

Uso wake ukachanua. "Kweli? Basi chukua na..."

"Mama!"

"Yoo, nimesahau."

Kila jioni tukawa na mchezo huo. Nilimsifu mpaka koo likakauka, naye akajifunza kuuma ulimi. Akakariri kazi yake yote: kukata ukindu, kuuanika, kuuchana, kuutia rangi, kusuka, kushona ukingo, na mgongo unaouma baadaye. Tukafika elfu kumi. Aliitaja ameangalia sakafu, kama mtu anayekiri wizi.

Siku ya kikao waume tulibaki nje ya ukumbi. Mimi nilisimama dirishani na kiatu mkononi, ili nionekane nina shughuli. Mnunuzi alikuwa dada mmoja aliyepandisha miwani kichwani. Alikichukua kikapu, akapitisha kidole kwenye ukingo pole pole, wala hakuwa na haraka.

"Mama, hiki ni kizuri sana," alisema. "Sijaona ukingo uliotulia hivi."

Mke wangu alitabasamu, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye kifuniko kilichokuwa mapajani. Mkono ule naujua. Nikasema kwisha habari yetu. Lakini ulipofika ukatulia palepale juu ya kifuniko, ukakikandamiza.

"Asante," alisema.

Akaeleza kazi yake, hatua kwa hatua, sauti ikitetemeka mwanzoni kisha ikakaa sawa. Mwisho akainua uso.

"Elfu kumi na moja. Na kifuniko chake kimo humo humo."

Kiatu nusura kinidondoke. Kumi na moja? Tulikubaliana kumi!

"Kumi ni kazi yangu," aliendelea. "Hiyo moja ni ya mzee wangu. Kifua changu hakiwezi moshi, kwa hiyo ukindu wa rangi anauchemsha yeye. Anaamka kabla yangu, anachochea moto, anaugeuza kwa kijiti mpaka macho yanamwiva, ndipo aende kwenye viatu vyake. Yule wa pikipiki hakuwahi kuuliza rangi inaingiaje. Ninyi mmeuliza, basi nawaambia."

"Wangu unachemshwa na mama mkwe," alidakia yule jirani mjane. "Naye awemo."

Wanawake wakaangua kicheko, kila mmoja akimtaja mtu wake. Yule dada alishusha miwani, akaandika, akasema bei imekubalika.

Mimi niliinamia kile kiatu nikijifanya natafuta msumari. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka wenzangu waone. Sikuwahi kufikiri kwamba ule moto ni kazi. Nilidhani ni kumpenda tu.

Siku hizi Bwana Haraka akija anazima pikipiki. Anapewa kiti, anaambiwa bei, anaguna, na mara nyingine ananunua. Mke wangu amepata miwani na meza ya kusukia, hakai tena sakafuni, na usiku halalamiki mgongo.

Malipo ya kwanza yalipokuja, alinifuata kibarazani akaweka fungu langu juu ya kibao cha viatu, katikati ya misumari. Mimi na mazoea yangu, nikashindwa kunyamaza.

"Elfu moja tu kwa kikapu? Moshi wote ule?"

Akavuta kigoda akakaa mbele yangu. "Haya, wewe ungetaja ngapi?"

Nikafungua mdomo. Nikafikiria zile asubuhi, sufuria ikichemka, yeye amelala ndani anapumua bila kukohoa. Mimi, ninayebishana na dunia nzima juu ya kisigino, sikupata hata tarakimu moja.

"Chochote tu, mama," nikasema.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaingia ndani, akatoka amelivaa koti langu la harusi.

"Chochote hakipo siku hizi, mzee," akasema. "Anza upya. Mimi ni mnunuzi."