Kamba ya Manjano kwenye Chuma Chetu

Wiki ile kaka yangu Goulven alikuwa anakula supu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili meno hayakuwapo. Wanaume kutoka bara walimvizia alfajiri kwenye gati la Sauzon, wakampiga kwa mpini wa kasia mpaka akaanguka, kisha wakaipasuapasua boti yake ya mpira kwa kisu. Aliyeshika mpini alikuwa amevaa helmeti nyekundu. Goulven hakuweza kuwaambia askari zaidi ya hapo. Askari walimpa pole na kumwambia apumzike.

Kosa lake ni kwamba aliwafukuza kwenye miamba yetu. Upande wa magharibi wa Belle-Île, kisiwa chetu huku Ufaransa, ambako ukiangalia baharini hakuna ardhi nyingine mpaka Amerika, kuna mnyama anayeota juu ya mwamba palepale wimbi linapovunjika. Shina lake ni jeusi na nene, kichwa chake kina magamba kama kucha, nasi tunamwita dole gumba. Wahispania wanampenda kuliko kamba-koche. Wenye kibali cha kumchuma ni wachache, Goulven akiwa mmoja wao, na wanamchuma wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa hadi chini kabisa. Wezi huja siku yoyote na kukwangua mwamba mpaka unabaki mtupu kama sahani.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kiangazi kile na shahada yangu ya viumbe wa baharini, nikapata kazi ya kuwatembeza wageni kwa miguu kwenye njia ya pwani. Niliamini kwamba mtu akionyeshwa kitu kizuri taratibu, ataanza kukilinda mwenyewe. Bado naamini. Goulven alisema hayo ni mawazo ya watu wenye meno yote.

Siku ya bamvua niliongoza kikundi kidogo kutoka Port-Coton. Mbingu ilikuwa safi, hakuna upepo, lakini bahari ilikuwa mbaya. Dhoruba ilikuwa imekufa mbali huko, na mawimbi yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatufikia, makubwa, mazito, yakija kwa zamu. Yalipopiga miamba iliyochongoka kama sindano, povu liliruka juu ya genge na kuangukia mabega yetu vipande vipande kama pamba. Wageni walicheka na kupiga picha.

"Ingekuwa kwetu Lyon tungelipishwa kiingilio," alisema Madam Odile, daktari wa meno mstaafu. Mumewe Lucien, mtu mnene mpole aliyekuwa mwokaji mikate maisha yake yote, alikuwa amembebea mkoba.

Tulipofika Shimo Jeusi, sehemu yetu ya kuchumia, nilimkuta Goulven ameketi kwenye nyasi, ukingoni kabisa, akila kipande cha keki laini ya plamu. Alikuwa amevaa suti yake ya mpira. Kando yake kulikuwa na kamba ya manjano iliyokunjwa, imelowa. Kamba yetu ni ya bluu.

"Njoo uone, mdogo wangu," alisema. "Nimepata mgeni."

Nilichungulia. Chini kabisa, kwenye ulimi wa mwamba uliozungukwa na povu, alisimama mtu mwenye gunia kiunoni na patasi mkononi. Kichwani alikuwa na helmeti nyekundu.

Kila ukoo wa wachumaji hapa una chuma chake, kimepigiliwa mwambani juu ya sehemu yake ya kushukia. Hakuna anayefunga kamba kwenye chuma cha mwenzake. Ukimkuta aliyefunga, unaivuta kamba yake juu, unaketi, unamwacha chini mpaka maji yamfike mkanda, kisha unamrudishia na hamsemi tena jambo hilo. Babu yetu alimfanyia hivyo kijana wa Bangor, kijiji cha hapa hapa kisiwani, na kijana yule akaja kumwoa shangazi yetu. Kisa hicho husimuliwa kwenye kila harusi, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu.

"Mrudishie kamba," nilisema.

"Maji hayajafika hata magotini."

"Goulven, angalia bahari."

"Naiangalia tangu asubuhi. Nzuri sana leo."

Wimbi likaja. Halikupanda polepole kama maji yanavyojaa. Lilisimama, likamnyanyua yule mtu na kumbamiza ubavu kwenye jabali. Lilipopungua alikuwa amepiga magoti, amekumbatia mwamba kwa mikono yote miwili, na povu lililomzunguka lilikuwa na rangi ya waridi. Alikuwa anapiga kelele. Tuliona mdomo tu ukifunguka, sauti haikutufikia.

"Yule mtu anavuja damu," alisema Madam Odile. Hakuna aliyecheka tena.

"Hata mimi nilivuja, mama. Kampige picha."

Niliiparamia ile kamba. Goulven alinishika kifundo cha mkono na kunisukuma, nikaangukia mgongo kwenye vichaka vya miiba. Lucien alisogea mbele, Goulven akamnyooshea kisu chake cha kazi bila hata kumtazama. "Wewe kaa. Hili ni la nyumbani."

Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu. Niliinuka na chupa yangu ya chai, ile ya chuma, nikampiga nayo taya, upande ule ulioumia. Nilisikia nyuzi za daktari zikiachia. Aliinama, akatema damu kwenye nyasi, akanirukia, akanishika koo. Macho yake hayakuwa ya mtu ninayemjua. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, mtu wa chini atakufa, na kaka yangu atakuwa ndiye aliyemuua, na hatarudi tena kuwa Goulven.

"Ulipigwa," nilisema kwa shida, "lakini hukuuawa."

"Simuui! Ataenda kwenye Kiti, kama kila mtu. Akae huko alowane, ajifunze."

Kiti ni kibaraza cha mwamba nyuma ya kona ya Shimo Jeusi. Huwezi kukiona ukiwa juu wala ukiwa chini. Inabidi uingie majini mpaka kifuani, upande wa kushoto, ambako utaona kama unaenda kufa, kisha unapanda, na hapo wimbi halikufikii hata siku ya dhoruba. Sisi sote tulionyeshwa na wazazi wetu tulipoanza kuogelea. Yule kijana wa Bangor alikaa kwenye Kiti akiimba mpaka babu alipochoka kumsikiliza.

"Nani alimwonyesha Kiti?" nikamuuliza.

"Kila mtu anakijua."

"Kila mtu wa hapa, Goulven. Huyu katoka bara."

Mikono yake ililegea shingoni mwangu. Aligeuka akatazama chini. Wimbi la pili lilikuwa linampiga yule mtu palepale, kwenye ulimi ule ule. Hakuwa amesogea kwenda kokote. Alikuwa anangojea kamba.

"Mjinga huyu," Goulven alisema. "Mjinga, mjinga." Sikujua anamsema nani.

Alifunga kamba ya manjano kwenye chuma chetu, akajifunga kiunoni, akamtazama Lucien. "Baba, uliwahi kubeba magunia ya unga?"

"Miaka yote."

"Basi mimi ndiye gunia."

Alishuka haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu akishuka. Lucien aliketi, akaishika kamba ili aiachie kidogo kidogo, akakaza miguu kwenye jiwe, na sisi wengine tukaishika nyuma yake. Madam Odile alichungulia na kutuambia anachokiona, kwa sauti kavu kama anasoma picha ya jino.

"Amefika. Anamwita. Yule mwingine anarudi nyuma." Akainama zaidi. "Anampiga patasi."

Niliacha kamba nikaangalia. Yule kijana wa helmeti alidhani amefuatwa ili amalizwe. Alikuwa anachoma hovyo kwa mkono mmoja, mwingine umening'inia. Patasi ilimwingia Goulven begani, ikatoka, ikaingia tena. Goulven hakuwa na muda wa kumweleza chochote. Alimpiga ngumi usoni, ya kwanza, ya pili, mpaka patasi ikaanguka. Akamshika nyuma ya shingo kama mbwa na kumburuta kushoto, kuelekea majini. Kijana alijishika kwenye mwamba. Goulven akamkanyaga vidole mpaka akaachia. Ukiwaona kutoka juu ungeapa kwamba anamzamisha.

Kisha wimbi kubwa likafunika kila kitu. Genge lilitetemeka chini yetu. Kamba ilikaza ghafla, ikamvuta Lucien mbele hata akaanza kuteleza kwenye nyasi, ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye nailoni. Hakuachia. Halafu kamba ikalegea, ikawa haina uzito wowote.

Maji yalipoondoka ulimi wa mwamba ulikuwa mtupu. Helmeti nyekundu ilikuwa inaelea peke yake, ikizunguka.

Niliweka mkono wangu juu ya kamba kama mtu anayemshika mgonjwa kutafuta mapigo. Wimbi jingine likapiga, na jingine tena. Ndipo nikauhisi mvuto mmoja mrefu, kisha mfupi. Ndiyo ishara yetu ya tangu enzi za babu, nayo maana yake ni moja: nimekaa.

Helikopta ya waokoaji iliwatoa jioni. Kijana aliitwa Yoran. Nyonga ilikuwa imevunjika, na mkono, na vidole pia. Goulven alikuwa amevunjika mkono, na kwenye bega alishonwa kama gunia. Baadaye alinisimulia walivyokaa pale juu wamebanana, wanatetemeka, maji yakinguruma chini ya nyayo zao.

"Aliniuliza kwa nini sikumwambia kuna mahali kama pale."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, ulikuwa na shughuli ya kunivunja meno, sikutaka kukukatiza." Alijaribu kucheka, akashika taya. "Akalia, Enora. Akanilalia begani, bega hilo hilo alilolitoboa. Ningemsukumia wapi?"

Askari walipokuja hospitali Goulven aliwaambia mwenyewe kwamba ndiye aliyevuta kamba. Wakamwuliza tena, kana kwamba wanampa nafasi ya kusahau. Akarudia. Kibali chake kilichukuliwa kwa mwaka mzima. Pale bandarini baadhi ya wachumaji waliacha kumsalimia, wengine kwa sababu aliivuta kamba, wengine kwa sababu alikiri. Yoran naye aliwataja wenzake wa kasia, akiwa bado kitandani.

Bamvua lililofuata Goulven alinigongea mlango, mkono wake ukiwa kwenye plasta, na kopo la rangi nyeupe kwapani.

"Twende. Wewe ndiye mwenye mikono miwili."

Tulishuka bahari ikiwa imetulia na maji yamekupwa mbali. Kwenye ulimi wa mwamba alinionyesha mahali, nikachora mshale mrefu unaoelekea kushoto, na chini yake kiti chenye miguu minne, ili hata asiyejua lugha yetu aelewe. Jirani yetu Maodez, aliyekuwa anachuma upande wa pili, aliacha kazi akatutazama.

"Sasa unawatandikia wezi busati, Goulven?"

"Nataka wakae vizuri," alijibu kaka yangu, "nipate muda wa kuwatukana."

Maodez alitikisa kichwa na kurudi kwenye patasi yake. Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, kama rangi hiyo itabaki maji yakijaa.